Ng'ombe wa Mzee Mugeta na Haki Zangu Zote

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mimi Ephraim, fundi simu wa Mwisenge, Musoma, kuanzia leo ni msanii! Sababu ni Hyasinta. Jana nilikwenda kwao Butiama. Baba yake, Mzee Mugeta, amesema hapokei posa ya mtu ambaye kazi yake ni kupuliza vumbi kwenye simu za watu. Kisha akanipeleka zizini, akaanza kusifu ng'ombe wake mmoja mmoja, saa nzima. Nikamrekodi kimyakimya. Leo nimeyaingiza maneno yake kwenye programu ya akili mnemba, nikaagiza sauti ya mwanamke na litungu, ala yetu ya nyuzi. Litungu haikulijua, ikaweka gitaa. Dakika mbili, wimbo tayari. Nimelia kidogo. Kipaji ninacho.

Jumatano, 6 Agosti

Wimbo uko mtandaoni. Mtunzi na mwimbaji: Ephraim. Brenda wa duka la jirani kauliza mbona mwimbaji ni mwanamke. Nimemwambia siku ile nilikuwa na mafua. Hyasinta kafurahi mno. Anasema baba yake akiona wimbo wangu una karatasi ya serikali ya hakimiliki, posa atapokea. Basi karatasi itapatikana!

Ijumaa, 8 Agosti. Nanenane

Mwizi! Nimekwenda Guta, harusi ya binamu yangu. Nani nimemkuta na maspika yake? Felisian, mpiga mziki wa harusini, aliyekuwaga anamwandikia Hyasinta barua tangu sekondari. Anapiga wimbo WANGU! Wazee wanacheza, wanamtuza. Nikamwambia aache, ile ni mali yangu. Akacheka, akasema nimwonyeshe nilipotunga. Nimeondoka kabla ya pilau, na hilo limeniuma kuliko yote.

Jumatatu, 11 Agosti

Ofisi ya utamaduni, Musoma. Nimevaa koti. Afisa ni mama mpole, Bi. Matrida. Kauliza sauti ni ya nani. Ya programu. Na muziki? Wa programu. Kauliza kama nailipia. Nikasema natumia ya bure. Akayasoma masharti, yale niliyobonyeza Nakubali bila kuyatazama: ya bure si ya biashara. Halafu akaeleza, kwa upole uliokera, kwamba sheria inamtafuta mtu aliyetunga, na mashine si mtu. Kipande cha mtu humu, labda maneno. Nikadakia: maneno ni yangu! Akasema vizuri, nilete shahidi.

Nimempigia Hyasinta awe shahidi. Atakuja Jumatano, na baba yake pia, maana anafuata dawa ya kupe mjini. Nimesema mzee asisumbuliwe. Ameshamwambia.

Jumatano, 13 Agosti

Wamekuja. Bi. Matrida akaupiga wimbo. Mzee Mugeta alisikiliza ameinama, nikadhani amependa. Wimbo ulipofika kwa yule ng'ombe mweusi anayekunywa mpaka mto unaomba radhi, akaanza kumsifu kwa sauti yake mwenyewe, akaendelea na mistari sita ambayo mimi sinayo. Kisha akanitazama.

"Kijana, nilikuonyesha ng'ombe ili ujue binti yangu anatoka nyumba gani. Wewe uliona kitu cha kubeba tu?"

Hyasinta alitazama dirishani. Nimeona aibu, ile ya kuchoma masikio. Bi. Matrida kaandika maneno ni ya Mzee. Mzee kasema Felisian, niliyekuwa namshtaki, atayatumia akija kumwomba vizuri. Mimi, hapana. Kwanza nikaombe radhi nyumbani kwake, la sivyo posa nisahau.

Jumamosi, 16 Agosti

Butiama, na sukari kilo mbili. Mzee amenisema kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita. Mkewe akaleta uji, Mzee akapumzika, kisha akaanza upya. Mwishowe kasamehe. Posa ataisikiliza mwakani, nikiacha kuchukua maneno ya watu. Hyasinta alinisindikiza hadi barabarani, akaniapisha. Nikaapa, na nilimaanisha, mpaka nilipofika nyumbani.

Maana kule kusemwa kulikuwa na mapigo matamu jamani! Hasa pale pa "mvivu, mwongo, mla uji wa watu". Na simu mfukoni ilikuwa inarekodi. Nimeshatengeneza singeli, sauti ya mzee mwenye hasira. Nimelifikiria kisheria kabisa: aliyesemwa ni mimi, kwa hiyo maneno ni yangu. Tena safari hii nimelipia programu. Mimi si mjinga.