Feni ya Mvuke ya Shangazi Bimkubwa

Jumapili, 4 Februari

Balaa! Shangazi Bimkubwa, aliyenilea tangu nina miaka sita, kaniambia kwa upole kabisa kwamba Ijumaa baada ya sala anahamia Mkoani kwa Kificho. Kificho! Mtoto wa baba mdogo, mwenye nyumba ya marumaru na feni tatu.

Nikamuuliza kisa. Akasema joto. Akaendelea kusema na mengine, lakini mie nilikuwa nishaanza kufikiri. Feni yetu imekufa, na umeme wenyewe hapa Kengeja unakuja ukipenda. Inatakiwa feni isiyojua umeme. Nimemwona mtu mmoja kwenye simu akizungusha gurudumu kwa mvuke. Maji na moto, basi! Mie, fundi baiskeli mwaka wa ishirini huu, nishindwe na maji?

Jumatatu, 5 Februari

Vifaa vimetimia. Boila ya kuchemshia maji: kopo la maziwa ya unga, mfuniko nimeuziba kwa kipande changu cha mwisho cha risasi ya kulehemu. Silinda: pampu ya baiskeli, nimeikata kati. Gurudumu: la cherehani ya marehemu mama. Mapanga ya feni: debe la mafuta ya kula. Mrija wa shaba umetoka kwenye friji bovu la jirani yetu Bi Mwanapili, ambaye bado hajaambiwa.

Bandani kwangu kuna giza, kwa hiyo nimehamia barazani, miguuni pa shangazi. Kutwa nzima kanishikia parafujo kwenye upindo wa kanga, huku akinisimulia jinsi babu alivyoingia mtaroni na baiskeli ya kwanza kufika kijijini, na bado akashuka akiwaamkia watu. Nilicheka mpaka nikakosea kukata debe. Miaka yote hii hajapata kunisimulia, sijui kwa nini.

Jumanne, 6 Februari

Jaribio la kwanza. Niliweka boila juu ya seredani ya makaa. Maji yalichemka vizuri na mvuke ukatoka kila mahali isipokuwa kwenye pampu. Viungo vyote vinavuja! Gundi ya chuma haipo dukani. Shangazi kasema labda Mungu hataki. Nikamwambia Mungu anataka, asiyetaka ni mwenye duka.

Baada ya alasiri nikapata jibu. Ubani! Ukipata moto unayeyuka, ukipoa unakuwa jiwe. Nimechukua kopo zima la shangazi, lililowekwa kwa ajili ya hitima ya babu. Nimepaka kila kiungo na kukifunga kwa vipande vya tyubu. Kigumu kama chuma. Akili hii nimepewa bure!

Jumatano, 7 Februari

Lazima niandike.

Asubuhi niliingiza mashine yote chumbani kwa shangazi ili upepo umpate kitandani. Aliuliza kama kweli nimewasha moto ndani ya chumba ili yeye apate baridi. Nilimwomba avumilie kidogo.

Kumbe ubani nao haukujua kwamba leo ni gundi. Boila ilipopata moto, ukaanza kudondokea makaa, na moshi ukatoka madirishani ukatanda mtaa mzima. Sasa, kwetu huku, ubani mwingi namna ile, asubuhi, si maulidi si arusi, nyumbani kwa bibi wa miaka themanini na tatu, una maana moja tu.

Bi Mwanapili alifika wa kwanza, analia. Nyuma yake wanawake kumi na zaidi, mabuibui tupu. Kisha Maalim Matano, imamu wetu, kuniuliza kaburi lichimbwe wapi. Shangazi akainuka kitandani akauliza nani kafa. Bi Mwanapili alipiga ukelele akawaangukia wenziwe wawili.

Na hapo hapo, tak! Gurudumu likasogea. Tak, tak. Kisha likazunguka lenyewe, bila mkono wa mtu.

Subhanallah. Sijui niandikeje. Maji yale yale niliyoyachota kisimani alfajiri yanasukuma chuma! Pampu inapumua, ndani, nje, mithili ya kitu kilicho hai. Nimeshika vyuma maisha yangu yote na sikupata kuona chuma kikiamka. Waliokuja kulia wakasimama na mikono midomoni. Maalim Matano akavua kofia, akaivaa, akasoma Fatiha, na wote wakaitikia amina. Upepo wenyewe usingezima kibiriti, lakini ncha ya mtandio wa shangazi ilitikisika, na shangazi akawa anacheka na machozi yanamtoka. Mie pia yalinitoka. Niliogopa na nikafurahi kwa pamoja.

Ndipo akaingia Kificho, keshapigiwa simu, sanda kwapani, analia kwa sauti. Lazima nikiri kwamba analia vizuri kuliko mimi. Alipomwona shangazi yuko hai akamkumbatia, akaigonga mashine, na mrija ukafyatuka, maji ya moto yote yakamwagikia viatu vyake. Vilikuwa vipya.

Alhamisi, 8 Februari

Ushindi! Shangazi haendi! Kamwambia Kificho arudi na sanda yake. Kisha akanikalisha, akanishika mkono, akasema joto kalizoea tangu azaliwe, ila siku tatu hizi kapata mtu wa kukaa naye na kuzungumza, ndiyo maana anabaki.

Nimefikiri sana juu ya maneno hayo. Naona mashine imemgusa kweli.

Jumamosi, 10 Februari

Nimeanza kubwa! Boila ni pipa zima, itapuliza kila chumba. Kazi hii haifanyiki barazani kwenye hadithi, inataka utulivu, kwa hiyo nimerudi bandani na nimefunga mlango kwa ndani.

Shangazi kaniita mara tatu tangu asubuhi. Mara kuna kahawa, mara kuna muhogo, mara hana neno, aliuliza tu niko wapi. Nimemjibu nakuja. Sasa namsikia nje anazungumza na Kificho kwa simu, anamwambia aje na gari. Ni wazi anataka naye aje aione hii mpya. Inanibidi niongeze kasi niimalize kabla hajafika.