Goti Langu Halitolewi

Jumatatu, 5 Mei
Goti langu halitolewi. Daktari wa mifupa ametamka leo, mke wangu akiwa shahidi. Gegedu limelika upande wa ndani tu, kwa sababu ya matege yangu. Upande wa nje mzima. Atakata mfupa wa muundi chini kidogo ya goti, aupanue kama kwa kabari, anyooshe mguu, afunge kwa bamba na skrubu. Useremala mtupu! Nimemwambia hivyo. Hakukataa.

Jioni nikapita kwa shemeji, seremala mwenzangu, mwenye goti la chuma tangu mwaka jana. Nikamweleza kwamba wengine tunatengenezwa, wengine wanabadilishiwa. Akajibu kwamba chama chao cha chuma bado kina nafasi, nisione haya. Wivu.

Alhamisi, 8 Mei
Nimepasuliwa. Ganzi ilichomwa mgongoni, kwa hiyo nilikuwa macho. Nilisikia msumeno. Nikashauri wasiulazimishe, waache meno yafanye kazi. Nikaongezewa dawa ya usingizi.

Jumapili, 25 Mei
Kosa kubwa. Si langu. Nimesimama kwa magongo mbele ya kioo cha kabati, nikateremsha uzi wa timazi kutoka nyongani hadi kifundoni. Uzi unapita nje ya katikati ya goti. Daktari amenyoosha kupita kiasi! Simlaumu, hata mimi nilipokuwa nikijifunza nilipinda fremu nyingi. Nimechonga kabari ya mti mgumu, nikaigundisha chini ya kiatu, upande wa ndani, irudishe mguu katikati. Mke wangu akanikumbusha kwamba nimekatazwa kuukanyagia huo mguu. Nikamwambia hayo ni masharti ya wagonjwa wa kawaida.

Jumatatu, 26 Mei
Nimeweka magongo kando, nimekanyaga kwa uzito wote, kutoka kabatini kwenda dirishani. Kazi safi kabisa, mpaka katikati ya chumba. Shemeji ndiye aliyenibeba hadi kwenye gari. Alitembea vizuri, kwa makusudi.

Eksirei. Bamba limeshika, ila mfupa ulioanza kuunga umetikisika. Daktari akakigeuzageuza kiatu changu, akauliza fundi ni nani. Nikasema mimi.

“Mzee, uzito nimeupeleka nje kusudi,” akasema. “Ndani pameisha, nje pazima. Skrubu zikilegea, mfupa ukakaa vibaya, goti lote nitalitoa.”

Shemeji alikuwa mlangoni. “Chama kinakusubiri, shem,” akaninong'oneza.

Goti hili nimezaliwa nalo.

Kabari wamebaki nayo. Nadhani wataiiga.

Jumatano, 18 Juni
Mfupa unaunga. Daktari amethibitisha, nami nimeona kwenye picha. Mfupa hodari, mfupa wa ukoo wetu. Nikampelekea shemeji habari mwenyewe. Akasema amefurahi, kisha akarudi kupiga randa kwa nguvu isiyohitajika.

Ruhusa mpya: nikanyage kwa nusu ya uzito, magongo nisiyaache. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alileta mizani, nikanyage juu yake nijue nusu inavyokuwa. Nikamshukuru, nikamwambia aiweke tu. Seremala wa miaka yangu hafundishwi nusu. Hesabu nimeshaipiga: uzito wote, nusu ya siku. Naanza kesho asubuhi, mchana napumzika.

Eksirei nyingine ni Jumatano, 2 Julai.