Sauti ya Lucien katika Merikebu ya Nyota

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba

Mvua. Courant hakuna tangu asubuhi, umeme wote umekatika. Watu wachache kwenye ciné yangu hapa Kadutu, na hao wachache wamekuja kwa sababu ya marehemu.

Nieleze vizuri, maana hasira inanipotezea maneno. Ile série ya zamani, Merikebu ya Nyota: kapiteni, askari wenye nguo za kubana, watu wa kijani. Wanasema Kiingereza, na wateja wetu hawakisikii. Kwa hiyo kaka yangu Lucien alishika micro, akasema Kiswahili juu ya picha, tukarekodi. Yeye naye hakujua Kiingereza! Alibuni tu. Kwake kapiteni anatafuta bibi yake aliyekasirika akarudi kwa wazazi, na kila nyota anayofika anauliza kama wamemuona. Kadutu nzima ilicheka mpaka machozi.

Mwezi wa pili, vita ilipoingia mujini, risasi ilimukuta Lucien njia ya Mudaka. Tulimuzika haraka, bila hata matanga. Namulilia kaka yangu, Mungu anajua. Lakini narudia kuonyesha épisodes zake, na watu bado wanamupigia yeye makofi. Mimi ndiye ninayewasha groupe ya umeme! Mimi ndiye ninayepangusa viti! Atumani, mwenye ciné ya Nyawera, amenipa jina: mulinzi wa kaburi. Mushenzi yule.

Jumatano, tarehe 8

Nimepata akili. Nitasema mimi. Nilisoma Kiingereza kwa mapadri. Nitatafsiri kweli, si uongo wa Lucien. Jana na leo nimejifungia na ordinateri, nikarekodi épisodes zote tulizo nazo. Machine ikaniuliza kama nataka kufuta sauti ya zamani, ile ya Lucien. Nikabonyeza ndiyo. Ikauliza tena kama nina hakika. Inaniona mutoto? Ndiyo!

Jambo moja limenishangaza. Kumbe kapiteni hatafuti bibi. Anatafuta pièce ya moteur, kipuri tu. Épisode nzima! Moteur imeharibika. Ndiyo, kapiteni. Bado imeharibika? Bado, kapiteni. Basi nimesema hivyo hivyo. Ukweli ni ukweli.

Ijumaa, tarehe 10

Aibu. Nilionyesha tafsiri yangu, na wa kwanza kutoka alikuwa muzee Josué, ambaye hata bomu halikumutoa kwenye kiti chake. Wengine wakafuata wakizomea. Mumoja akasema moteur yenyewe imechoka kunisikiliza.

Walibaki wawili tu: shemeji Adèle, mujane wa Lucien, na binti yao Elodie, ambaye bado hajaanza shule. Hukaa mbele kila Ijumaa. Siku zote nilidhani wanakuja kucheka kama wengine. Elodie akainuka, akachungulia nyuma ya shuka tunalotupia picha, akamuuliza mama yake papa iko wapi leo.

Ndipo nikaelewa. Hawakuja kucheka, walikuja kumusikia yeye.

Adèle akaniomba nirudishe zile za Lucien. Hana kitu kingine chenye sauti yake. Téléphone iliibwa siku ile ile ya risasi. Nikamuambia flash yenye sauti yake iko kwa fundi, Jumapili nitaileta. Mudomo wangu unasema bila kuniuliza.

Jumamosi, tarehe 11

Fundi amesema kilichofutwa kimefutwa. Akataka kujua kama machine haikunionya. Nikamuambia afanye kazi yake.

Nikapita kwa Atumani. Zamani alikuwa anaiba épisodes zetu, kila mutu anajua, na moja anayo bado. Akasema atamupa Adèle leo hii, bure, kwani Lucien alikuwa rafiki. Lakini niende naye, nimuambie shemeji kwa mudomo wangu nilichofanya. Mimi? Nijishushe mbele ya Atumani? Heri nife. Nikatoka bila kuaga.

Nina akili nyingine. Mimi na Lucien tulinyonya titi moja. Sauti zetu zinafanana.

Jumapili, tarehe 12

Baada ya misa. Adèle na mutoto mbele ya shuka, mimi nyuma yake na micro, ndoo kichwani ili sauti iwe nzito. Nikaanza. Kapiteni anamuulizia bibi yake. Nikasikia Elodie anacheka! Kweli, alicheka. Nikapata moyo, nikaongeza utani, nikamufanya kapiteni amusalimie Elodie kwa jina.

Mutoto akaruka kitini. Akaja mbio akiita papa, papa, akainua shuka. Akanikuta mimi na ndoo.

Hakulia mara moja. Aliniangalia, akaangalia nyuma yangu, kisha akainama chini ya meza. Alitafuta vizuri. Halafu akalia, na kilio kile hakikusikika hata siku ya mazishi, maana siku ile walimuambia papa amesafiri.

Adèle akamubeba. Hakunitukana, heri angenitukana. Alisema tu: "Gérard, mutu anakufaka mara moja. Wewe umemuua mara ya pili, na mutoto anaona."

Nililia. Ndoo ilikuwa bado kichwani.

Jumanne, tarehe 14

Habari mbaya. Atumani amemupelekea Adèle ile épisode, ameiweka kwenye téléphone yake mupya. Leo nimepita karibu na nyumba. Dirisha wazi, Lucien anaongea. Kapiteni anauliza kama wamemuona bibi yake, na Elodie anamujibu kwa nguvu: "Iko hapa, papa! Iko hapa!" Majirani wamesimama kwenye matope wanasikiliza. Nikasimama nao. Nikafuta macho.

Lakini huu ni wizi! Épisode ni ya ciné yangu, halafu Atumani anasifiwa kama mutakatifu. Padri amemupa mukono mbele ya watu, na yule ni muislamu!

Nimefikiri vizuri. Kesho nitapeleka sukari, nitaomba musamaha, hata kwa magoti. Kisha nitaomba ile téléphone dakika moja tu, nisafishe sauti, maana ina kelele. Ndiyo copie pekee duniani, haifai kuachwa hivyo. Na pale mwanzoni, kabla Lucien hajaanza kusema, kuna nafasi kidogo. Sauti yangu itaingia pale bila shida.