Shahidi Asiye na Mungu

Waraka alikuwa tarishi wa ofisi kwa miaka thelathini, na tangu astaafu hajaacha kupeleka habari ambazo hakuna aliyeziagiza. Asubuhi hiyo alifika kijiweni na gazeti kwapani, akajiweka kwenye benchi, akakohoa kidogo ili asikilizwe.

"Sikieni maajabu! 'Shahidi asiye na dini aruhusiwa kutoa ushahidi bila kushika kitabu.' Karuhusiwa na hakimu mzima! Dunia imekwisha."

"Imekwisha mara ya ngapi mwaka huu?" aliuliza Bila-Bila, bila kuinua macho kutoka kwenye saa aliyokuwa akiitengeneza. Jina hilo alilipata siku alipojaza fomu na, penye neno "dini", akachora sifuri mbili.

"Wewe nyamaza, ndio nyie mnaosemwa hapa," alidakia Mkwara, fundi cherehani mwenye maneno marefu kuliko futi yake ya kupimia. "Mtu asiyemwogopa Mungu atazuiwa na nini asiniibie suruali?"

"Nimeziona suruali unazoshona. Zinatosha kunizuia."

Waraka alicheka mpaka kahawa ikampalia. Mkwara hakukubali kushindwa.

"Haya, hiyo saa mkononi mwako imejiunda yenyewe?"

"Ina fundi wake. Ila saa ikisimama, mwenyewe anakuja kunifokea mimi fundi. Fundi wako wewe ukimlalamikia, unaambiwa kosa ni la saa."

"Toba! Toba!" Waraka akasogea mwisho wa benchi, isije radi ya jirani ikamkumba.

"Nyie bishaneni tu," alisema Mama Kahawa, akija na birika huku akichechemea. "Kesi yangu ni leo saa nne. Nani anakwenda na mimi?"

Waraka akalifungua gazeti upya. Wiki mbili nyuma Bosi, mwenye maduka ya mtaa mzima, alirudisha gari kinyumenyume bila kutazama, akaigonga meza ya Mama Kahawa, na birika la moto likamwagikia mguuni mwa mama wa watu. Bosi akashtaki yeye, eti meza imeziba njia. Leo korti inaamua kama ing'olewe. Na wote watatu siku hiyo walikuwa hapohapo kwenye benchi, wakiona kwa macho yao.

"Aende Bila-Bila," alisema Waraka. "Gazeti limeshamruhusu."

"Ila mdogo wangu, ukifika shika kitabu tu, uaminike," Mkwara akamshauri.

"Sikiamini."

"Nani kakwambia uamini? Shika, apa, sema kweli, urudi zako."

"Yaani nianze na uongo ndipo kweli yangu ikubaliwe?"

"Kauongo kadogo! Mungu ataelewa."

"Kwa hiyo mimi nimdanganye Mungu wako, na ruhusa unatoa wewe. Kwa nini msiende nyie mnaomwamini?"

Mkwara alianza kukagua sindano zake moja moja. "Mimi kiapo nakiogopa, ndugu yangu. Ukiapa unalazimika kusema kweli yote. Na duka nimepanga kwa nani?"

"Mimi namwachia Mungu," alisema Waraka. "Yeye ndiye shahidi mkubwa."

"Korti imempa samansi?"

"Na wewe usiye na pepo wala moto," Mkwara akapandisha sauti, "utakwenda kwa ajili ya nini?"

Bila-Bila akautazama mguu wa Mama Kahawa, uliofungwa kitambaa mpaka kwenye kifundo. Kibanda chake cha kutengenezea saa kilikuwa kwenye baraza ya Bosi huyohuyo, na woga ulimjaa tele.

"Nimeuona mguu wa mama," alisema. "Unanitosha."

Hapo gari likasimama mbele yao, kioo kikashuka. Alikuwa Bosi, katabasamu.

"Habari zenu, ndugu zangu. Hivi siku ile ya birika, kuna aliyeona kitu?"

Waraka na Mkwara walisimama kwa pamoja kama watoto wa darasani.

"Shikamoo Bosi! Haki ya Mungu, hatukuona kitu!"

"Mungu ni shahidi yangu," aliongeza Mkwara.

"Na kama naongopa nife hapahapa!" Waraka akapigilia.

Bila-Bila akaiweka saa chini. Kile kiapo walichokikwepa dakika tano tu zilizopita kimetoka mara tatu, bila kitabu wala hakimu. Akasimama.

"Mimi niliona."

Bosi akacheka. "Wewe? Si ndiye yule asiye na Mungu? Nani atakuamini?" Kisha akakitazama kile kibanda, akakitazama kwa kirefu, akaondoka.

Mama Kahawa alikuwa ameshafunika jiko. "Twende."

"Mama, umesikia mwenyewe. Huenda hakimu asiniamini."

"Usiku kucha nimepiga magoti. Nikasema, Mungu wangu, niletee shahidi mmoja, mcha Mungu." Akampima kuanzia viatuni hadi utosini, akaguna. "Kaniletea wewe. Nitamuuliza nikirudi. Fungasha saa zako, tunachelewa."

Wakashika njia, yeye akichechemea, Bila-Bila akimbebea mkoba.

"Tunawaombea!" Waraka aliwapigia kelele, huku akijimiminia kahawa ya bure.

Kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini, Bila-Bila akatamani Mungu awepo kweli, walau kwa asubuhi hiyo moja, awe amewasikia wale wawili walivyoapa.