Mguu wa Mtihani

Jamani, sura yangu nimeiacha Kasese. Nimerudi Bwera bila hiyo, nimejifungia chumbani na simu, na mke wangu Zaina anagonga mlango kuuliza kama naumwa. Siumwi. Nimeaibika.

Mnaonifahamu mnajua kazi yangu ni hijama. Naumika watu, natoa damu chafu, wanashukuru, nakula. Sasa Kasese kimefunguliwa chuo kidogo cha tiba ya sindano, ile ya Wachina. Nikasema hiyo ni yangu. Mimi na sindano tutakosana wapi?

Asubuhi nimefika na kanzu ya pasi kali (na manukato kidogo, msiniulize). Mwalimu ni mama mmoja kutoka Nairobi, mpole, miwani imemshuka puani. Akatusomea masharti. Lazima uwe umemaliza sekondari na biolojia umefaulu. Hapo nilipita kwa kuchechemea, lakini nilipita. Halafu kuna krediti, yaani alama za masomo uliyokwisha kusoma. Mwenye krediti za kutosha kutoka chuo cha afya anaruka mwaka wa kwanza, anaingia wa pili moja kwa moja. Asiye nazo, ila amekuwa akitibu watu, anapewa mtihani wa mikono. Akifaulu, anahesabiwa kama aliyesoma.

Mwaka wa kwanza mimi nilikuwa nimeshaukataa. Ninyi wenyewe niliwatangazia hapa kwenye grupu kwamba naingia wa pili. Nikikaa mwaka mzima darasani nachora mifupa, wateja wangu wote wa Bwera watahamia kwa mtu mwingine, na hawarudi hao. Kwa hiyo leo ilikuwa kufa au kupona.

Tulikuwa wawili kwenye benchi, mimi na nesi wa Kikongomani anaitwa Kavira, mtu wa Butembo. Yeye krediti zake zilikubaliwa palepale, akaambiwa abaki amsaidie mwalimu. Akanigeukia: "Na weye, uko na diplome?" Nikamjibu diploma yangu iko vidoleni. (Mdomo huu! Mdomo huu utaniua.)

Tukaingia. Kitandani amelala mama mmoja kifudifudi, uso kwenye lile tundu la kitanda, shuka limemfunika kichwani mpaka juu ya magoti. Kilichobaki nje ni miguu. Mwalimu akanieleza kwamba huyu amejitolea, anatibiwa bure. Kazi yangu ni kukagua miguu, kusema ninachokiona, kuonyesha pa kuchoma, kisha kuchoma sindano moja tu.

Nikasalimia vizuri. Mgonjwa hakuitikia. Nikadhani amelala.

Nikashika mguu. Nikasema huyu mama amesimama kwenye maji ya chumvi miaka mingi, nyayo zimepasuka, na goti la kushoto limevimba. Nikasema huyu ni mtu wa Kabatoro, wa kazi za ziwa la chumvi. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akaandika. Kavira naye akaacha kunitazama kwa dharau. Wallahi ningenyamaza hapo, saa hizi ningekuwa mwaka wa pili.

Lakini nani aliwahi kuniona mimi nimenyamaza? Nikapapasa kisigino. "Tena mwalimu, kisigino hiki ni cha mtu mkali sana," nikasema. "Nyumbani kwake watu wanatembea kwa kunyata. Kama ana mkwe, huyo mkwe namwonea huruma."

Kutoka kwenye tundu la kitanda ikaja sauti, taratibu kabisa.

"Hata mimi namwonea huruma, Ramadhani."

Banange! Mama Zaina! Mama mkwe wangu mwenyewe!

Sasa wa mbali hamtaelewa, acha niwaambie. Kwetu mwanaume hamgusi mama mkwe. Hata mkono hampi. Akija nyumbani, mimi natokea mlango wa nyuma. Tangu nimwoe Zaina, mama yake anaongea nami kupitia pazia, ndiyo maana sauti naijua na miguu siijui. Na wazee wanasema ukimgusa utapata obuko, ugonjwa wa kutetemeka mikono mpaka unaingia kaburini. Mimi nilikuwa nimepapasa mpaka kisigino!

Mguu niliuachia ukaanguka kitandani, pu. Nikatafuta kitu cha kujifunika uso, maana uso wa mkwe hautazamwi. Cha karibu kilikuwa shuka. Nikalivuta, nikajifunika mimi. (Alikuwa na gauni lake zima, msianze.) Mwalimu akaniuliza kama hiyo ni sehemu ya tiba ya kwetu.

Nikamweleza nikiwa ndani ya shuka. Nikamsihi anipe mgonjwa mwingine, yeyote, hata mwenye ukoma. Akasema kwa upole kwamba mganga hachagui miguu. Nichome, au niende mwaka wa kwanza.

Hapo mama mkwe akazungumza tena, lakini siyo na mimi. Heshima ni heshima. Alimwambia Kavira: "Sista, mwambie huyo kijana anichome. Obuko haujawahi kuniamsha usiku. Goti ndilo linaniamsha."

Kavira akanigeukia, nami nimesimama palepale nimesikia kila neno. "Mama anasema umuchome. Goti ndiyo iko inamusumbua, hapana desturi."

Nikamwambia Kavira amwambie mama kwamba nimesikia. Kavira akamwambia. Mwalimu akavua miwani, akajifuta macho.

Nikashika sindano. Mikono ikaanza. Kama ni obuko au ni woga, sijui, lakini ilikuwa inatetemeka kama ungo wa kupepeta mtama. Sindano ya kwanza ikaanguka. Ya pili nikaichoma kwenye godoro, tena kwa nguvu. Nilipoomba nyingine mwalimu akasema inatosha, akaniandikia krediti: hakuna. Mwaka wa kwanza.

Nikadhani aibu imekwisha. Kumbe kuna sharti lililobaki. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anapewa mgonjwa mmoja wa kumfuatilia mpaka mwaka uishe, na hiyo nayo ina krediti zake. Mwalimu akauliza kama nina mtu wa kujitolea.

Pale kitandani mkono ukanyooka juu.

"Sista, waambie waniandike mimi," akasema. "Na huyo kijana mwambie, kisigino alichokisoma ni kimoja tu. Aje akisome na cha pili."

Nimetia sahihi. Ningefanya nini? Sasa hivi Zaina ameacha kugonga, yuko jikoni anacheka na simu mpaka anakosa pumzi, na hiyo simu naijua imetoka Kabatoro kwa mama yake.

Nawaomba mnihurumie, msinicheke. Atakayecheka, Mungu ampe mama mkwe mwenye goti bovu na muda wa kujitolea.