Chupa ya Akiba ya Shimo Namba Tisa

Jumatatu, 7 Aprili

Kaimu msimamizi, wiki ya tano sasa. Hilo neno "kaimu" linaniwasha kama upupu. Leo bosi ameniita. Shimo namba tisa la nyaya za simu limejaa maji ya mvua. Nilikaushe, kiungio cha nyaya kitengenezwe, na ikifika Ijumaa cheo ni changu. Nikishindwa, anapewa Utaratibu. Huyo ni fundi mwenzangu, tumempa jina hilo kwa sababu haendi hata chooni bila kijitabu cha kanuni.

Kijiti cha kupimia kinasema maji yako sentimita 72. Kiungio kiko 120. Yakikifikia, zahanati na mtaa mzima hawana simu, na mimi sina cheo. Mvua inapiga kila alasiri.

Nilishashika swichi ya pampu, Utaratibu akakohoa. Maji ya shimoni hayamwagwi hovyo, akasema. Kwanza sampuli kwa mama wa mazingira, yule afisa anayepima maji. Akiridhika, yapite kwenye mfuko wa kuchuja, yamwagwe majanini, maana kijito kiko pale chini. Yakiwa na mafuta hayaguswi mpaka lije gari la kunyonya, na gari halina nafasi hadi wiki ijayo.

Nimechungulia shimoni. Kitu kinang'aa juu ya maji. Mafuta, ni nini kingine?

Jumanne, 8 Aprili

Maji 85. Usiku sikulala, lakini nimeamka na akili.

Kuchota sampuli ni kazi ya msimamizi. Utaratibu akataka kunisaidia. Nikamtuma akatafute spana, nayo ilikuwa mfukoni mwangu. Nyumba yetu ya kampuni iko nyuma tu ya karakana. Nikakimbia jikoni, nikasuuza chupa, nikaijaza maji ya bomba, nikatia na udongo kidogo wa kwenye chungu cha maua, yasije yakapendeza kupita kiasi. Mke wangu akauliza tangu lini nimejua kusuuza chupa, mtu ambaye kikombe changu mwenyewe hunishinda. Nikafunga kifuniko. Wanawake hawaelewi mambo ya kiufundi.

Chupa imepelekwa. Utaratibu bado anatafuta spana. Nimecheka peke yangu.

Jumatano, 9 Aprili

Maji 98. Balaa.

Mama wa mazingira alichovya kikaratasi ndani ya chupa yangu, kikabadilika rangi. Akakunja uso. Akasema maji haya yana dawa, ile wanayotia kwenye maji ya bomba, na dawa hiyo ikishuka kijitoni inaua samaki na vyura. Kwa hiyo ruhusa hakuna. Maji ninayokunywa kila siku yamekataliwa kumwagwa kwenye majani!

Hakuishia hapo. Kama kuna dawa, akasema, basi kuna bomba kubwa limepasuka karibu na shimo. Akapiga simu idara ya maji. Saa nane wakaja watu sita na sururu, wakafunga maji ya mtaa mzima, wakaanza kuchimba. Nilisimama pale nikitikisa kichwa kwa masikitiko kama wengine.

Nyumbani bombani hakutoki kitu. Mke wangu amekoga kwa kikombe. Ananitazama tu.

Alhamisi, 10 Aprili

Asubuhi 109. Mashimo matatu barabarani, bomba lililopasuka halionekani. Nilifikiria kusema ukweli. Nilifikiria kwa muda wa kufunga kamba za kiatu kimoja.

Saa tisa, maji 117, mvua inaanza. Bosi amefura, anataka kujua nani alichota sampuli. Nikasema kwa upole kwamba huenda Utaratibu alichanganya chupa. Utaratibu hakukasirika. Alifungua kijitabu chake. Kila sampuli lazima iwe na chupa ya akiba, akasema, na kwa kuwa mimi nilisahau, yeye aliijaza mwenyewe shimoni alipokuwa akitafuta spana.

Mama wa mazingira akaipima palepale. Tope tu. Dawa hakuna. Mafuta hakuna, hata tone. Kilichokuwa kinang'aa ni karatasi ya peremende. Ningechota maji ya kweli, tungekausha shimo tangu jana.

Akatia saini huku amesimama. Utaratibu akafunga mfuko, akatandaza mpira wa maji majanini, akawasha pampu. Wote tukainamia kijiti. 118. 119. Safari hii sikuwaza cheo. Niliwaza mtu aliye zahanati anayehitaji kupiga simu. 119 ikasimama, ikasimama, halafu 118. Nikaketi chini kwenye tope.

Ijumaa, 11 Aprili

Kiungio kimepona. Msimamizi ni Utaratibu, bila kaimu. Mimi nabeba mpira. Bosi alinionyesha chupa yangu: ndani yake, chini kabisa, kulikuwa na jani dogo la ua. Ua la mke wangu, bosi alipata kulisifu mwenyewe.

Utaratibu ni mtu mwema, inaudhi. Wiki ijayo ni shimo namba kumi na moja, na amenipa mimi kazi ya kuchota sampuli, eti nijifunze. Nimekwisha kujifunza. Kosa langu nimekaa chini nikaliona: ni ile dawa ya bomba.

Nimetega ndoo chini ya paa. Maji ya mvua hayana dawa hata chembe. Mke wangu nimemwambia asiiguse, na safari hii nitajaza chupa zote mbili.