Joto Langu na Uenyekiti wa Waberi

Jumatatu, 4 Machi 1996

Joto limenishika tena sokoni! Si la jua. Jua la Garissa nimezaliwa nalo. Hili linaanzia tumboni, linapanda kifuani, linalipuka usoni. Nilikuwa nampimia mteja kitambaa. Nikajipepea kwa kitambaa hicho hicho. Mteja akaondoka. Bishara, anayeuza meza ya jirani, akapaza sauti soko zima lisikie: "Abaayo, dada yangu Arbia, malaria tena?"

Malaria! Jumapili kina mama wa kikundi chetu cha Waberi wanachagua mwenyekiti, na wagombea ni mimi na yeye. Naona anakoelekea.

Nikaenda hospitali kwa siri. Nesi Siham, msichana wa juzi tu, akasema si ugonjwa, ni hedhi inayokoma. Nipunguze chai na pilipili, nivae pamba, nitembee asubuhi jua likiwa bado chini. Ninyimwe chai, mimi! Nimemshukuru kwa adabu. Nitajitibu mwenyewe.

Jumanne, 5 Machi

Uwatu, habasoda na simsim, vyote sufuria moja. Ikiwa kila kimoja kinasaidia, vikiungana si vitamaliza kazi? Vimechemka vikawa gundi. Nimekunywa bilauri nzima. Uchungu, wallahi! Hared, mume wangu, akaingia, akanusa, akauliza nani ameleta ngozi mbichi ndani. Mtu anauza ng'ombe maisha yake yote, leo ana pua!

Chai ya jioni nimepikia sufuria ile ile. Hainyweki. Nimemwaga.

Jumatano, 6 Machi

Jasho langu lenyewe sasa linanuka uwatu. Mbuzi wa mtaani wamenifuata mpaka sokoni! Mmoja ametafuna gauni langu la nailoni, lile la maua. Bishara alicheka mpaka akashika meza. Akatangaza kwamba Arbia ameshapata wapiga kura.

Nimeamua. Kuanzia kesho natoka baada ya sala ya alfajiri, nazungukia njia ya mtoni, mbuzi wakiwa bado wamefungiwa. Nitavaa baati yangu kuukuu ya pamba, gauni langu la kufagilia nyumba. Mbuzi wakiila, shauri yao.

Ijumaa, 8 Machi

Ajabu! Nimelala kama mtoto mchanga. Jana joto lilikuja, likachungulia, likaenda zake. Dawa inafanya kazi! Tena leo sikuinywa, koo limekataa. Nimeinusa tu. Dawa kali namna hii, harufu inatosha. Chai bado ina ladha ya uwatu, kwa hiyo nakunywa maji. Nesi na pamba zake!

Hared ameuliza mbona sijamfokea tangu juzi. Anadhani nimemkasirikia.

Jumapili, 10 Machi

Ushindi!

Tulikutana kwa Nafiso, mwenyekiti anayeondoka. Bishara akasimama kwanza, amemeta kwa nailoni mpya, chai ya moto ya tangawizi mkononi. Akaanza kusema kiongozi lazima awe na afya. Hapo hapo kwenye afya, uso ukamwiva! Jasho likamwagika. Akavua mtandio, akanyakua jagi la maji la Nafiso, akajimwagia kichwani.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nicheke. Nikaona macho yake. Alikuwa anaogopa, kama mtu anayedhani anakufa mbele za watu. Sijui nini kilinipata. Nikainuka, nikampepea kwa mtandio wangu, nikamwambia si malaria, ni umri, hata mimi joto hili linanikuta. Bishara akanishika mkono, asiuachie.

Nafiso akasema hata yeye. Arusi nzima ya bintiye alikaa amelowa. Saado, aliyeketi kando yake, akasema mwenzenu nalala sakafuni. Kumbe nusu ya chumba! Kila mmoja alijificha peke yake, akidhani amerogwa. Tukacheka mpaka machozi. Kisha wakauliza mbona mimi nimekauka hivi. Nikawaambia: nina dawa. Wakanichagua papo hapo. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Bishara.

Jumatatu, 11 Machi

Mwenyekiti Arbia! Nimelala mpaka jua kali. Kiongozi hatembei mtoni kama mchota maji. Nimenunua gauni jipya la nailoni na sufuria mpya ya chai. Wageni wamefurika kunipongeza, na kila mgeni nimekunywa naye kikombe.

Nesi Siham ameomba kuja kuzungumza na kikundi. Nimemkubalia, aseme maneno machache tukiwa kwenye chai.

Joto limerudi adhuhuri. Baya! Ni wazi uwatu ulikuwa kidogo. Nimemtuma Bishara, makamu wangu, alete gunia zima.